Usalama wa safari wakati wa pandemia

Usalama wa safari wakati wa pandemia ni jumla ya hatua zinazochukuliwa na wasafiri, wenye vyombo vya usafiri na serikali ili watu waweze kusafiri bila kuambukizwa wala kuambukiza wengine, ugonjwa unapokuwa umeenea katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Hatua hizo ni pamoja na kuahirisha safari zisizo za lazima, kupima afya, kuvaa barakoa, kupunguza idadi ya abiria, kuingiza hewa safi katika vyombo vya usafiri, chanjo, na karantini kwa watu wanaotoka maeneo yenye ugonjwa.

Jambo hili lilijulikana zaidi wakati wa pandemia ya UVIKO-19 (COVID-19) iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2019, lakini historia yake ni ya karne nyingi. Mara nyingi kufunga mipaka kumechelewesha ugonjwa kuliko kuuzuia kabisa. Kwa msafiri wa kawaida, hatari hutegemea zaidi mambo matatu: kama kuna mgonjwa ndani ya chombo, hewa ya ndani inabadilishwa kwa kiasi gani, na safari inachukua muda gani.

Jinsi safari zinavyoeneza magonjwa

Kila ugonjwa una njia yake ya kuenea, kwa hiyo kinga ya safari hutegemea ugonjwa wenyewe. Mafua makali na UVIKO-19 huenea hasa kwa hewa na matone yanayotoka puani na mdomoni. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na barakoa haisaidii kitu dhidi yake. Ebola na Marburg huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Homa ya manjano huenezwa na mbu.

Kwa magonjwa ya njia ya hewa, tatizo kubwa ni muda kati ya kuambukizwa na kuonyesha dalili. Mtu mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya, na wengine hawaonyeshi dalili kabisa. Ndiyo maana kupima joto la mwili katika viwanja vya ndege na mipakani hakukuwagundua watu wengi waliobeba virusi. Aliyemeza dawa ya kushusha homa hupita pia bila kutambuliwa. Zamani safari ya meli ilichukua majuma, na mara nyingi ugonjwa ulijitokeza baharini kabla ya meli kufika. Siku hizi ndege huweza kumfikisha mtu upande wa pili wa dunia kabla hajakohoa hata mara moja.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa mkoa wa Zhejiang nchini China, Januari 2020. Mabasi mawili yaliwapeleka watu kwenye ibada katika hekalu la Kibudha. Basi moja lilikuwa na watu 68, mmoja wao akiwa ameambukizwa. Madirisha yalifungwa, na kiyoyozi kilizungusha hewa ileile. Watu wengine 23 wa basi hilo waliambukizwa, wakiwemo waliokaa mbali na mgonjwa. Katika basi la pili lenye watu 60, waliohudhuria ibada hiyohiyo, hakuna aliyeambukizwa.

Historia

Neno karantini limetokana na neno la Kiitalia lenye maana ya siku arobaini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliagiza kwamba watu waliotoka sehemu zenye tauni wakae nje ya mji kwa siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye muda huo uliongezwa katika miji mingine hadi siku 40. Mwaka 1423 Venice ilianzisha hospitali ya kudumu ya karantini kwenye kisiwa.

Karne ya 19 meli za mvuke na reli ziliongeza kasi ya safari na ya magonjwa pia. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu afya ulifanyika Paris mwaka 1851. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaua mahujaji wengi huko Makka, kisha kikaenea nchi nyingine pamoja na waliorudi makwao. Tukio hilo lilisababisha mkutano mwingine huko Istanbul mwaka 1866, na vituo vya kuwakagua mahujaji vilijengwa katika Bahari ya Shamu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kisiwa cha Changuu karibu na mji wa Zanzibar kilitumika kama kituo cha karantini. Majengo yake yalijengwa miaka ya 1890 kwa ajili ya gereza, lakini yalitumika kuwaweka abiria wa meli walioshukiwa kuwa na magonjwa ya kuambukiza. Wengi bado wanakiita Kisiwa cha Gereza.

Pandemia ya mafua ya mwaka 1918 ilionyesha wazi nafasi ya safari. Nchini Kenya ugonjwa uliingia kupitia bandari ya Mombasa, ukapanda bara kwa kufuata reli. Katika Bahari ya Pasifiki, meli Talune iliyotoka Auckland ilifika Samoa ya Magharibi tarehe 7 Novemba 1918 ikiwa na wagonjwa, nao abiria wakaruhusiwa kushuka. Katika muda wa majuma machache takriban mtu mmoja kati ya watano alikufa. Samoa ya Marekani, iliyo jirani kabisa, ilizuia meli kwa ukali na haikupata kifo hata kimoja cha mafua hayo.

Leo mkataba mkuu ni Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007 chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kanuni hizo zinazitaka nchi kutoa taarifa mapema kuhusu milipuko ya magonjwa, na kutozuia safari na biashara kuliko inavyohitajika kulinda afya. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinachojulikana na wasafiri wengi wa Afrika kama "kadi ya njano", kinatolewa kwa mujibu wa kanuni hizo. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote.

Safari wakati wa UVIKO-19

WHO ilitangaza dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi 2020 ikauita ugonjwa huo pandemia. Karibu nchi zote ziliweka masharti ya kuingia, na nyingi zilisimamisha ndege za abiria. Idadi ya watalii wa kimataifa mwaka 2020 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 ikilinganishwa na mwaka 2019. Hija ya mwaka 2020 ilifanywa na wakazi wa Saudia peke yao, tena wachache sana, wakati mwaka uliotangulia mahujaji walikuwa karibu milioni 2.5.

Waliotaabika zaidi walikuwa watu ambao kazi yao ni safari. Mwishoni mwa mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba mabaharia 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kumalizika, kwa sababu bandari nyingi ziliwakataza kushuka ili warudi nyumbani. Wakati huohuo meli hizo ndizo zilizoendelea kubeba chakula, mafuta na dawa.

Afrika Mashariki

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Rwanda tarehe 14, Tanzania tarehe 16 na Uganda tarehe 21 mwezi huohuo. Katika nchi hizi wagonjwa wa kwanza kugunduliwa walikuwa wametoka safari za nje.

Nchi hizo zilichukua njia tofauti. Kenya ilisimamisha ndege za kimataifa za abiria tarehe 25 Machi na kuzirudisha tarehe 1 Agosti 2020. Pia ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai, na Kilifi na Kwale kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Rwanda na Uganda ziliwataka wananchi wabaki nyumbani, na Uganda ilisimamisha hata usafiri wa umma. Uwanja wa Entebbe ulifunguliwa tena kwa abiria tarehe 1 Oktoba 2020. Tanzania haikuwafungia watu ndani. Ilisimamisha ndege za kimataifa za abiria mwezi Aprili na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei 2020. Tofauti hizo zilileta mivutano, na katikati ya mwaka 2020 Kenya na Tanzania zilikwaruzana kuhusu safari za ndege kwa majuma kadhaa.

Mzigo mkubwa uliwaangukia madereva wa malori. Bidhaa za Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupita katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, hivyo malori hayakuweza kusimamishwa. Kila dereva alipaswa kupimwa mpakani, na majibu ya maabara yalichukua siku. Huko Malaba, kati ya Kenya na Uganda, foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita. Madereva na utingo wao walilala ndani ya malori, wakishiriki vyoo na maji machache, na hivyo kituo kilichowekwa ili kuzuia maambukizi kikawa chenyewe mahali pa msongamano. Mei 2020 Uganda iliamua kuwarudisha makwao madereva wa kigeni waliokutwa na virusi. Rwanda iliagiza malori yabadilishwe madereva mpakani, na madereva wa Tanzania wakagoma huko Rusumo. Katika miji ya njiani madereva walinyooshewa vidole kuwa ndio walioleta ugonjwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijibu kwa kukubaliana kuhusu vyeti vya vipimo vinavyotambuliwa na nchi zote wanachama, pamoja na mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva. Dereva aliyepimwa katika nchi moja hakupaswa tena kupimwa upya katika kila mpaka.

Katika usafiri wa mijini, Kenya iliagiza mwezi Machi 2020 kwamba matatu ya viti 14 ibebe watu 8, ya viti 25 ibebe 15, na magari makubwa zaidi yajaze asilimia 60 ya viti. Nchini Tanzania daladala ziliagizwa kubeba abiria waliokaa tu, utaratibu uliojulikana kama "level siti". Katika sehemu nyingi nauli ilipanda kwa sababu wenye magari walifidia viti vilivyobaki wazi, na abiria wa kipato cha chini wakalazimika kutembea kwa miguu au kugombania magari machache jioni.

Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu nchini Kenya, umati wa watu waliotoka kazini ulikusanyika katika kivuko cha Likoni, Mombasa, ukitaka kuvuka kabla ya muda kuisha. Polisi walitumia mabomu ya machozi na virungu kuwatawanya. Amri iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ilikuwa imewasonganisha, kwa kuwa muda wa kufika nyumbani haukulingana na uwezo wa vivuko.

Hatari katika vyombo mbalimbali

Ndege: Hewa ndani ya ndege kubwa za abiria hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na sehemu inayorudishwa hupitishwa katika vichujio vinavyonasa karibu chembe zote ndogo. Hata hivyo, kukaa karibu na mgonjwa kwa saa nyingi kuna hatari. Katika safari moja kutoka London kwenda Hanoi mapema Machi 2020, abiria mmoja mwenye kikohozi alihusishwa na maambukizi ya watu 15. Barakoa hazikuwa za lazima wakati huo. Foleni za uwanjani, basi la kwenda kwenye ndege na wakati wa kushuka huweza kuwa na hatari kuliko wakati wa kuruka, kwa sababu mara nyingi mitambo ya hewa huwa haijawashwa au watu hubanana.

Meli za abiria: Watu hukaa pamoja kwa siku nyingi, hula pamoja na kutumia korido zilezile. Meli Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020 ikiwa na watu wapatao 3,700, na zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa. Katika vivuko vifupi vyenye sitaha ya wazi hatari ni ndogo, hasa kwa abiria anayebaki nje badala ya kuingia chumbani.

Mabasi, daladala na matatu: Hatari hupanda gari likijaa na madirisha yakifungwa. Kufungua madirisha ya pande zote mbili hupitisha hewa vizuri kuliko kufungua la upande mmoja. Kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani peke yake hakitoi virusi nje.

Treni: Mabehewa makubwa yenye nafasi huwa na hatari ndogo kuliko basi lililojaa, lakini safari ya usiku katika chumba cha kulala kinachotumiwa na wageni huongeza muda wa kukaa na mtu asiyejulikana hali yake.

Bodaboda na bajaji: Hewa ya wazi hupunguza maambukizi, ingawa helmeti inayovaliwa na abiria mmoja baada ya mwingine huhitaji kusafishwa au kuvaliwa juu ya kitambaa. Hatari ya ajali hubaki palepale.

Hatua za msafiri

Hatua zifuatazo zinahusu hasa magonjwa yanayoenea kwa hewa.

Kabla ya safari

- Kupima kama safari ni ya lazima. Mtu mwenye homa, kikohozi au aliyekaa karibu na mgonjwa hapaswi kusafiri, hata kama tiketi imeshalipiwa. Hakuna hatua nyingine inayolinda watu wengi kiasi hicho.
- Kujua masharti ya nchi anayokwenda na ya nchi atakayobadilishia ndege, kwani huweza kubadilika katika muda wa siku chache.
- Kuchanjwa mapema. Mwili huhitaji takriban majuma mawili kujenga kinga baada ya chanjo nyingi.
- Kubeba dawa za kila siku za kutosha kuzidi siku za safari, pamoja na akiba ya fedha endapo atawekwa karantini.
- Kuwa na vyeti katika simu na katika karatasi, vikiwa na jina lililoandikwa kama lilivyo katika pasipoti.

Njiani

- Kuvaa barakoa inayofunika pua na mdomo bila kuacha mianya. Barakoa za daraja la N95 au FFP2 huzuia chembe vizuri kuliko za kitambaa.
- Kuchagua kiti karibu na dirisha linalofunguka, na saa ambazo abiria ni wachache.
- Kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20, au kutumia kitakasa mikono chenye kileo kisichopungua asilimia 60.
- Kula na kunywa nje gari linaposimama, badala ya wote kuvua barakoa kwa pamoja ndani.

Baada ya kufika

- Kufuatilia afya kwa muda unaoelekezwa na mamlaka za afya. Mwanzoni mwa UVIKO-19 muda huo ulikuwa siku 14, baadaye nchi nyingi ziliupunguza.
- Kutowatembelea mara moja wazee, wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na wengine wenye kinga dhaifu. Anayelazimika kufika kwenye msiba au kumjulia hali mzee anaweza kukaa barazani na kuamkia bila kushikana mikono.
- Kupiga simu kituo cha afya dalili zinapojitokeza, kabla ya kupanda daladala au matatu kwenda huko.

Vipimo na vyeti

Kuanzia katikati ya mwaka 2020 nchi nyingi zilidai kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 72 au 96 kabla ya safari. Kipimo hicho huonyesha hali ya siku ambayo sampuli ilichukuliwa. Mtu aliyeambukizwa siku moja kabla yake anaweza kupata jibu la kutokuwa na virusi, kisha akaanza kuambukiza baada ya kufika. Gharama yake iliwalemea wasafiri wengi, na vyeti bandia vikawa biashara. Ili kupambana navyo, Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (Africa CDC) kilianzisha mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki vyeti.

Baada ya chanjo kupatikana, vyeti vya chanjo vilianza kudaiwa pia. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia cheti chake cha kidijitali tarehe 1 Julai 2021. Mwanzoni chanjo ya Covishield iliyotengenezwa India haikuwa katika orodha ya chanjo zilizokubaliwa kwa Umoja mzima, ingawa ni chanjo hiyo iliyopelekwa katika nchi nyingi za Afrika kupitia mpango wa COVAX. Waafrika waliochanjwa walijikuta wakihesabiwa kama wasiochanjwa, mpaka nchi moja moja za Ulaya zilipoikubali.

Mjadala kuhusu kufunga mipaka

Wanaounga mkono kufunga mipaka hutaja mfano wa Samoa ya Marekani mwaka 1918 na ule wa New Zealand, iliyofunga mpaka wake kwa wageni tarehe 19 Machi 2020 na kuwa na vifo vichache sana katika miaka miwili ya kwanza. Mifano hiyo inafanana: ni visiwa, vilifunga mapema, na vilifunga karibu kabisa. Hata hivyo, raia wengi wa New Zealand walishindwa kurudi kwao kwa miezi mingi kwa kukosa nafasi katika hoteli za karantini.

Wapinzani hutaja kirusi aina ya Omicron. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walikigundua na kutoa taarifa haraka. Ndani ya siku chache nchi nyingi zilipiga marufuku safari kutoka kusini mwa Afrika. Baadaye ilionekana kwamba sampuli zilizochukuliwa Uholanzi kabla ya marufuku hizo zilikuwa tayari na kirusi hicho. Uingereza iliondoa nchi hizo katika orodha yake tarehe 15 Desemba 2021, na Marekani ikafuata tarehe 31 Desemba, wakati kirusi kilikuwa kimeshaenea ndani ya nchi zao. Wataalamu walionya kwamba nchi inayoadhibiwa kwa kusema ukweli itasita kusema mara nyingine, na ukimya huo ni hatari kwa wasafiri wote.

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Juni 2024 nchi wanachama zilipitisha marekebisho ya Kanuni za Afya za Kimataifa, yanayoweka ngazi mpya ya tahadhari inayoitwa dharura ya pandemia, ili hatua zichukuliwe mapema na kwa pamoja ugonjwa mwingine utakapoanza kusafiri na watu.